Uzoefu wangu wa kula George Town, Penang: asam laksa, nasi kandar na cendol

Mwenye siku mbili tu za kula Penang, huko Malaysia, namshauri aanze na asam laksa, yaani tambi za mchele katika mchuzi mchachu wa samaki, na aile kabla hajagusa chochote cha nazi. Ulimi uliokwisha kuzoea tui huona uchachu wa laksa kama ukali mtupu.

Viungo vyake vingi vinajulikana pwani yetu: vibua, ukwaju, mchaichai, nanaa, nanasi, uduvi. Ugeni uko katika namna vinavyokutanishwa. Vibua huchemshwa, hutolewa miba na kuchambuliwa, kisha minofu hurudishwa kwenye mchuzi wenye ukwaju, vipande vikavu vya tunda liitwalo asam keping, majani ya kesum na bunga kantan, ua la mmea wa jamii ya tangawizi lenye harufu kali. Ua hilo ndilo huipa laksa ya Penang harufu yake. Juu ya tambi nene za mchele huwekwa tango, nanasi, kitunguu, pilipili na nanaa.

Mtazame muuzaji mikono. Anayejua kazi humimina mchuzi wa moto juu ya tambi, akaurudisha sufuriani, akamimina tena, mara kadhaa, mpaka tambi zipate moto hadi ndani. Asiyefanya hivyo hukupa bakuli linalopoa kabla hujafika katikati, na laksa iliyopoa hunuka samaki. Kijikoni utaletewa kitu cheusi, kizito na kitamu: ni uduvi uliopikwa ukaiva kama asali, wanauita hae ko. Usikoroge wote kwa mara moja. Onja mchuzi kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo, kwani ukizidi hufunika ukwaju na hakuna namna ya kuutoa. Eneo la Air Itam, chini ya hekalu la Kek Lok Si, linajulikana kwa laksa hii. Ukishafika Kuala Lumpur uliza kwanza, maana huko neno laksa peke yake laweza kukuletea bakuli la mchuzi wa tui.

Char kway teow ni tambi bapa za mchele zinazokaangwa kwenye karai pamoja na kamba, yai, machipukizi ya choroko, majani ya kuchai na kombe wadogo. Ubora wake wote uko kwenye moto. Mkaangaji mzuri hupika sahani moja moja. Akijaza karai sahani nne, moto hushuka, machipukizi hutoa maji, na tambi huchemka badala ya kukaangika. Foleni ndefu hapo ni dalili njema. Yai la bata huifanya iwe nzito zaidi, nami naipendelea hivyo. Kombe huingizwa mwishoni na mara nyingi hubaki nusu mbichi, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi aseme mapema "tak nak kerang", yaani hataki kombe.

Kwa Mwislamu hapa pana la kuangalia. Wauzaji wengi wa Kichina hutumia mafuta ya nguruwe na soseji zake katika chakula hiki, hata kama hazionekani wazi. Tafuta kibanda cha Wamalay au chenye cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia inayoshughulikia mambo ya Uislamu. Toleo la Wamalay huwa na majimaji zaidi, na harufu yake ya moshi wa karai ni hafifu, lakini ni zuri kwa namna yake.

Nasi kandar haina wasiwasi huo, kwa kuwa ni chakula cha Waislamu wa Kitamil. Kandar ni mzega: zamani wauzaji walibeba wali na mchuzi kwa mzega begani. Siku hizi unapanga foleni na kuonyesha kidole: kuku, samaki, bamia, mayai. Mwishoni sema "kuah campur", wakuchanganyie michuzi kadhaa juu ya wali. Usipochanganya umekula wali na mchuzi tu. Kosa la wageni ni kuonyesha kamba wakubwa, kichwa cha samaki au mayai ya samaki bila kuuliza bei, kisha bili inapanda ghafla. Uliza kabla kijiko hakijachota.

Kwenye vitamu, cendol iko mbele kwa mbali. Ni vijitambi vya kijani vya unga wa mchele na maji ya majani ya pandan, maharage mekundu, tui, barafu ya kusaga na gula melaka. Hiyo gula hutokana na utomvu wa maua ya mnazi. Anayeijua asali ya tembo la mnazi ataitambua mara moja. Ya kweli ina harufu ya moshi na uchungu kidogo nyuma ya utamu. Ikiwa ni utamu tu, ni sukari iliyotiwa rangi. Kichochoroni Lebuh Keng Kwee kuna kibanda cha Wateochew, jamii mojawapo ya Wachina, kilichoanza mwaka 1936. Kula palepale umesimama, koroga kutoka chini, wala usifungashe: barafu ikiyeyuka tui hukosa ladha. Ais kacang, barafu ya kusaga yenye mahindi na sharubati, sijaielewa sana. Vitu vimejaa mno.

Katika vituo vya vibanda kama Lorong Baru nyakati za jioni, keti kwanza ujue namba ya meza, ndipo uagize na kuitaja. Hulipwa chakula kinapofika. Vinywaji vina mwenyewe mwingine, na wasioagiza mara nyingine hutozwa. Chai sema "kurang manis", yaani sukari kidogo, la sivyo ni sukari tupu. Au agiza maji ya tunda la kungumanga. Sisi wengi tunaijua kokwa yake tu, kumbe nyama ya tunda ina uchachu na harufu inayokata mafuta ya tambi vizuri kuliko soda yoyote.