Burden of Dreams au Hearts of Darkness: uanze na ipi?

Ukiwa na usiku mmoja tu, anza na Burden of Dreams (1982); zote mbili ni filamu za hali halisi kuhusu jinsi filamu nyingine zilivyotengenezwa. Mtengenezaji wake, Les Blank, alimfuata mwongozaji Mjerumani Werner Herzog hadi msituni Peru, alikokuwa akitengeneza filamu ya Fitzcarraldo na kung'ang'ania kuvusha meli halisi juu ya kilima. Kamera ya Blank haina haraka. Inatulia kwenye matope, kwenye kamba zilizokaza, kwenye nyuso za wenyeji wanaovuta, na hapo swali zito linaibuka: ndoto ni ya nani, na jasho ni la nani? Jason Robards, mwigizaji mkuu wa kwanza wa Fitzcarraldo, aliugua akaondoka. Klaus Kinski akashika nafasi yake, kazi ikaanza upya.

Hearts of Darkness (1991) inahusu utengenezaji wa Apocalypse Now, filamu iliyorekodiwa Ufilipino. Kimbunga kilibomoa seti, mwigizaji mkuu Martin Sheen akapata shambulio la moyo. Misukosuko ni mingi zaidi, ila uzito wake uko kwa Eleanor Coppola, aliyenasa sauti ya mumewe, Francis, mwongozaji wa Apocalypse Now, akikiri faraghani hofu ya kushindwa. Sauti ile bado inanichoma. Lakini mahojiano ya miaka mingi baadaye yanapunguza wasiwasi: waliokaa mbele ya kamera wameshavuka. Kwa Blank, meli bado iko chini ya kilima.