Kipimo cha umakini kwa binti asiyekula: huduma niliyoipata Mombasa

Nilimpeleka binti yangu kwa mwanasaikolojia hapa Mombasa kwa sababu alikuwa akikonda huku akiapa kwamba anakula. Kliniki siitaji, ila huduma yao nataka kuieleza, hasa kile kipimo cha kompyuta kinachoangalia jinsi chakula kinavyomnasa mtoto umakini.

Ni hivi. Kwenye skrini hutokea picha mbili kwa nusu sekunde, sahani ya chakula upande mmoja, kiti au ufagio upande wa pili. Zikifutika, nukta hutokea palipokuwa na picha mojawapo, na mtoto abonyeze kitufe cha upande huo upesi awezavyo. Jicho likiwa limenasa kwenye chakula, nukta ya upande wa kiti humchelewesha kidogo, na kompyuta huhesabu kuchelewa huko kwa milisekunde. Kipimo kingine kimetokana na jaribio la mwanasaikolojia Stroop la mwaka 1935: neno lina rangi, naye ataje rangi bila kulisoma neno. Kwenye "mnene" na "mafuta" mwanangu alikwama, hata mimi niliyekaa nyuma yake niliona.

Nilimwamini yule mama mwanasaikolojia kwa swali moja. Kabla hata ya kuwasha kompyuta alimwuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Akajibu amefunga sunna. Kipimo kikaahirishwa papo hapo, kwa kuwa hata mtu mzima wa afya akiwa na njaa chakula humvuta macho, na majibu yangetudanganya. Kisha akaziulizia hizo saumu kwa upole: zilianza lini, anafuturu nini, anakula daku? Hapo ndipo mengi yalipotoka.

Lawama yangu ni picha. Zote baga, pitsa na keki za krimu. Mwanangu anaogopa mahamri, wali wa nazi na biriani ya harusini. Baga wala haimshughulishi. Wapige picha za vyakula vyetu, si kazi kubwa.

Na wazazi wenzangu, kipimo hiki cha kompyuta peke yake hakithibitishi maradhi ya ulaji. Alama za mtoto mmoja huweza kuyumba leo na kesho. Sisi tulijaziwa dodoso pia, akapimwa uzito, presha akiwa amelala kisha amesimama, potasiamu kwenye damu, na umeme wa moyo. Potasiamu ikishuka sana, kama kwa anayejitapisha, moyo unaweza kusimama, na hilo nukta za kompyuta hazilioni. Malipo ya kipimo cha kompyuta huandikwa peke yake kwenye risiti. Pesa zikiwa chache, lipieni damu na moyo kwanza.