Warsha ya mahusiano na hisia shuleni: tathmini ya mwalimu wa Kisumu

Muhula uliopita shule yetu, iliyo karibu na Kondele, ilialika kikundi cha washauri nasaha kuwafunza wanafunzi wa Gredi ya 8 na ya 9 kuhusu mahusiano mema na namna ya kueleza hisia. Warsha ilichukua siku mbili kwa ada ya shilingi 150 kwa kila mwanafunzi, nami, nikiwa mwalimu wa ushauri nasaha, niliketi nyuma ya darasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kilichonipendeza zaidi ni zoezi la kuzipa hisia majina. Walipoulizwa huhisi nini rafiki anapowasengenya, karibu wote walijibu "hasira"; mwezeshaji hakuridhika, akaendelea kuwadadisi hadi wakaanza kutenganisha hasira na fedheha, wivu na kinyongo, kununa na kuvunjika moyo. Msichana mmoja alisema kwamba yeye hupatwa na "wichkuot", yaani aibu kwa Kijaluo, na tangu hapo mjadala ukanoga kwa namna ambayo sijaiona katika vipindi vyangu vya Kiingereza. Kisha wakajizoeza kusema, "Niliona haya uliponitania mbele ya wenzetu, siku nyingine niambie tukiwa wawili," badala ya "Wewe una madharau." Mvulana aliyepinga kwamba mtaani atachekwa akizungumza hivyo hakukaripiwa, bali aliachwa ajadiliane na wenzake.

Suala la watu wazima lilielezwa bila kuzungukazunguka: kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ridhaa ya mtoto si kinga kwa mtu mzima, hata kama uhusiano ulianza kwa chipsi na kubebwa bure kwa bodaboda. Wanafunzi walipewa pia nambari ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo mtoto huipiga bila malipo.

Kasoro kubwa ilikuwa sanduku la maswali ya siri. Vikaratasi vilisomwa alasiri hiyohiyo huku vikiinuliwa juu, na swali moja kuhusu ugomvi wa wazazi likamfichua mwandishi wake, kwa kuwa jirani yake aliutambua mwandiko. Nililalamika, wakaomba radhi, lakini mtoto yule hakufungua kinywa tena.

Nitawaalika tena kwa sharti kwamba maswali yanakiliwe upya kabla ya kusomwa, na kwamba mshauri mmoja arejee baada ya wiki mbili, maana wanafunzi watatu walinijia juma lililofuata wakitaka kuzungumza, nami nina vipindi vya kufundisha kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho.