Usiku wa poka kwenye baa za Uingereza: tathmini kwa anayekwenda mara ya kwanza

Ukiwa unaishi Uingereza na unataka kujifunza poka bila kuunguza hela, mahali pa kuanzia ni baa ya mtaani inayoendesha mashindano ya wiki. Kiingilio ni bure au hakizidi pauni 5, karata na kete (vile vidude vya duara vinavyowekwa dau badala ya hela) unazikuta mezani, na kabla ya kufunga utakuwa umezijua taratibu ambazo kwenye kasino ungefundishwa kwa aibu na kwa gharama. Kama lengo lako ni kutafuta riziki, huduma hii haikufai hata kidogo, na hesabu yake iko huko chini.

Msomaji kutoka Kenya aweke kando ile poka ya nyumbani ya kumaliza karata na kutangaza “niko kadi”. Hapa mchezo ni Texas Hold'em. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kati ya hizo saba unatengeneza tano bora. Aliyezoea karata za vibarazani naye asitafute turufu, maana haipo. Shupaza, kopa, uru na pau zina hadhi sawa. Mpangilio wa nguvu kutoka chini ni karata kubwa pekee, jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, tano za mfululizo, tano za aina moja (kwa mfano kopa tupu), tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, na juu kabisa mfululizo wa aina moja. Wageni wengi hupindua mbili za katikati: tano za aina moja zinaushinda mfululizo. Uandike mpangilio huo kwenye kikaratasi uende nao. Hakuna atakayekucheka, na wenyeji wengine nao huchungulia.

Sheria kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua bei. England, Wales na Scotland zinafuata Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, na baa inaruhusiwa kuchezesha poka bila leseni ya kasino mradi isivuke viwango: dau lisizidi pauni 5 kwa mtu kwa mchezo mmoja, madau yote ya siku nzima kwenye baa hiyo yasizidi pauni 100, na zawadi ya mchezo mmoja isizidi pauni 100. Mashindano ya usiku mzima huhesabiwa kuwa mchezo mmoja. Kwa hiyo ukiona tangazo linasema watu 20 tu, pauni 5 kila mmoja, usidhani ni uchache wa viti. 20 mara 5 ni 100, na hapo kikomo kimefika. Aliyelipa pauni 5 na kete zikamwishia hawezi kununua nyingine ndani ya mchezo huohuo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, na ukionekana kijana utaombwa kitambulisho, hivyo chukua leseni ya udereva au pasipoti.

Jambo la kuangalia kwa makini ni makato. Baa hairuhusiwi kutoza ada ya kushiriki wala kumega chochote kwenye dau la wachezaji. Akitokea mtu anakuomba pauni 2 “za meza” juu ya kiingilio, au anakata asilimia kabla ya kugawa zawadi, ondoka. Baa inapata faida yake kwenye vinywaji, na ndiyo maana inatarajiwa ununue angalau soda au kahawa. Si lazima iwe pombe, na hakuna anayeuliza kilichomo kwenye glasi yako. Ambaye dini yake inamkataza kamari ajue kwamba yapo mashindano yasiyo na dau lolote, pointi tu, ila bado ni baa. Hilo ataliamua mwenyewe.

Usajili huanza kama saa kumi na mbili na nusu jioni na karata ya kwanza hugawiwa saa moja au saa moja na nusu usiku. Fika nusu saa kabla. Muulize mhudumu wa kaunta nani anaendesha poka. Atakuonyesha mtu mwenye daftari au kompyuta. Jina lako litaandikwa, utavuta karata au namba ya kukuonyesha meza na kiti, na utapewa kete. Maswali ya kumuuliza hapohapo ni manne: tunaanza na kete ngapi, ngazi (kipindi kabla madau ya lazima hayajapandishwa) ni ya dakika ngapi, mapumziko ni lini, na mwisho wa kupokea wachelewaji ni saa ngapi. Mwambie pia kwamba ni mara yako ya kwanza. Kwenye baa zilizopangwa vizuri atakukalisha jirani na mzoefu mwenye subira, na hicho ndicho kipimo chetu cha kwanza cha ubora. Mwendeshaji anayekujibu huku anaangalia televisheni atakuwa hivyohivyo mgogoro ukitokea saa tatu usiku.

Mezani mnakaa nane hadi kumi. Hakuna mgawaji wa kuajiriwa, wachezaji hugawa kwa zamu, na hapa ndipo ubora wa baa moja na nyingine unapotofautiana sana. Kuna kibao cha duara kinachohama mtu mmoja kushoto kila mgao. Aliye nacho ndiye mgawaji. Wa kwanza kushotoni kwake anaweka dau la lazima dogo, wa pili anaweka kubwa, kisha karata hugawiwa mojamoja kuanzia kwa yule wa dau dogo. Kabla ya kufunua zile tatu za katikati, mgawaji huondoa karata moja ya juu bila kuionyesha, na hufanya hivyo tena kabla ya ya nne na kabla ya ya tano. Meza nzuri ina pakiti mbili za rangi tofauti za mgongo: moja ikigawiwa, nyingine inachanganywa. Meza yenye pakiti moja hupoteza dakika nyingi kwa kila ngazi, na dakika hizo utazijutia baadaye.

Hujui kugawa? Sema tu, mwingine atakugawia na zamu yako itahesabiwa. Ukigawa mwenyewe, shusha mikono karibu na meza, kwa sababu ukiinua karata inaonekana. Ikifunuka moja kati ya zile mbili za kwanza kabisa kugawiwa, kwa kawaida mgao unarudiwa.

Maneno ya mezani ni ya Kiingereza na ni machache: “check” ni kupita bila kuongeza pale ambapo hujadaiwa kitu, “call” ni kufuata dau lililopo, “raise” ni kupandisha, “fold” ni kutupa karata, “all in” ni kuweka zote. Sema kwanza, ndipo usogeze kete. Utaratibu huo una sababu zake. Chukua dau la lazima la 100 na 200. Unataka kupandisha hadi 1,000, una kete moja ya 1,000, unaitupa kimya kimya. Meza itahesabu umefuata 200 tu na kukurudishia chenji ya 800, kwa kuwa kete moja kubwa isiyotangazwa ni kufuata. Au unasogeza 200, unasita, halafu unaongeza 400. Hiyo 400 inarudishwa, kwani kuongeza kwa vipande kunampa mtu nafasi ya kusoma nyuso za wenzake kabla ya kuamua. Ukishatamka kiasi, kimekufunga.

Kiwango cha chini cha kupandisha nacho huwachanganya watu. Dau likiwa 200 na mtu akapandisha hadi 600, ameongeza 400. Anayefuata akitaka kupandisha lazima aongeze angalau 400 nyingine, yaani afike 1,000. Hawezi kusema 800.

Ugomvi mwingi zaidi hutokea pale mwenye kete chache anapoweka zote. Tuseme mmoja ana 1,500 na wenzake wawili wana 4,000 kila mmoja, na wote watatu wameingia na kila walicho nacho. Kutoka kwa kila mmoja toa 1,500: rundo kuu ni 4,500, na yeyote kati ya watatu anaweza kulichukua. Zinazobaki ni 2,500 mara mbili, rundo la pembeni la 5,000, na hilo linawaniwa na wale wawili tu. Yule mdogo hata akiwa na karata bora kuliko wote haligusi. Rundo la pembeni hutafutiwa mshindi kwanza, kisha rundo kuu. Kama mgawaji anachanganya kete zote kuwa lundo moja, simamisha mchezo kabla karata hazijafunuliwa. Baada ya hapo kila mtu atakuwa na hesabu yake.

Kwa sababu wanaogawa ni wachezaji wenyewe, karata zako zilinde. Weka kete moja juu yake. Mgawaji aliyechoka hukusanya chochote kilicholala mbele yake, na karata ikishaingia kwenye lundo la zilizotupwa hairudi. Kosa linalofanana na hilo, na ghali zaidi, ni kutupa karata zako baada ya mwenzako kutamka kwamba ana jozi mbili. Subiri uzione. Ukifunua zako mbili mezani, karata zenyewe ndizo zinazoamua hata kama wewe hukuona kwamba una mfululizo. Ukizitupa zikiwa zimefunikwa, haki imepotea. Usiziachie mpaka kete zimesukumwa mbele yako.

Na hili linatuhusu sisi hasa: mgao ukiwa unaendelea, Kiswahili kinyamaze. Mezani lugha ni Kiingereza, na marafiki wawili wakinong'ona kwa lugha ambayo wengine hawaijui, huhesabiwa kuwa wanapeana siri, hata kama wanazungumzia basi la mwisho. Mnaweza kupiga soga mkishatupa karata wote wawili, na hata hapo msitaje mlichotupa. Simu nayo iwekwe mbali ukiwa na karata mkononi.

Sasa kasoro kubwa ya huduma hii, nayo ni kasi. Baa lazima ifunge, kwa hiyo madau ya lazima hupandishwa haraka. Mpangilio wa kawaida ni kama huu: unaanza na kete 10,000, madau ni 100 na 200, ngazi ni dakika 20. Mwanzoni una madau makubwa 50, nafasi ya kutosha kuvuta subira. Baada ya saa moja madau ni 400 na 800. Kama hujashinda wala kupoteza kitu, 10,000 zako zimekuwa madau 12 na nusu. Hapo ufundi wa kupandisha kidogo na kuangalia unakwisha, unabaki kuchagua kati ya kuweka zote na kutupa. Inapokaribia saa nne na nusu, madau yakiwa 3,000 na 6,000, wachezaji 20 walioanza wameacha jumla ya kete 200,000 mezani, yaani madau 33 kwa baa nzima. Wakiwa wamebaki wanne, kila mmoja kwa wastani ana takriban madau manane. Mshindi wa usiku huo anastahili pongezi, lakini bahati imemsaidia sana.

Hivyo saa ya kwanza ndiyo yenye somo. Cheza karata chache: jozi kubwa, au ree ikiambatana na mfalme au malkia. Jozi yoyote hukujia mara moja katika migao 17 kwa wastani, na jozi ya ree mara moja katika 221, kwa hiyo sehemu kubwa ya saa hiyo utakuwa umetupa karata na unatazama. Tazama nani anapandisha akiwa na nini. Wenyeji wa baa hufuata mno. Kuwatisha kwa dau kubwa ukiwa huna kitu ni kupoteza kete, maana anayecheza bure haogopi kufuata ili tu aone.

Kuhusu hela, hesabu ni fupi. Watu 20 wakitoa pauni 5, zinarudi zote 100. Zikigawanywa 50, 30 na 20, mchezaji wa wastani anarudishiwa pauni 5 zilezile alizotoa kwa kila usiku. Nauli na vinywaji viwili ni hasara yake halisi. Ukilinganisha na kasino, ambako mwenye kasino anakata chake na meza ya hela taslimu inahitaji mtaji wa maana, bado hii ndiyo karo nafuu zaidi ya poka.

Tunaipendekeza kwa anayeanza na kwa mgeni wa mji anayetafuta watu wa kuzungumza nao, kwani wiki ya tatu tayari wanalijua jina lako. Hatuipendekezi kwa anayechukia kelele: siku ya mpira baa hujaa, na kusikia dau lililotamkwa upande wa pili wa meza inakuwa kazi. Epuka usiku wa mechi kubwa kwa mara ya kwanza. Ukitolewa mapema, mwulize mwendeshaji kama kuna meza ya pembeni ya waliotoka; baa nyingi huiweka, haina pointi, na hapo ndipo mahali pazuri pa kujifunza kugawa. Ila ikichezwa kwa dau, nalo linahesabiwa ndani ya zile pauni 100 za siku, kwa hiyo pale ambapo watu 20 wameshalipa, icheze bila hela.