Golf GTI mbili na shokapu za aina mbili, Tabora hadi Nzega

Kwa miezi minane nimekuwa nikiendesha Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 7 yenye mfumo wa DCC, yaani shokapu zinazojirekebisha zenyewe. Mwezi uliopita shemeji yangu alinunua la kizazi hichohicho lenye shokapu za kawaida, nasi tukapata fursa ya kuyapima yote mawili kwenye barabara moja, kutoka Tabora mjini hadi Nzega na kurudi.

Katika shokapu ya kawaida, mafuta hupita kwenye matundu yaliyokwisha kupimwa kiwandani, hivyo ugumu wake haubadilishwi na dereva. Katika ya DCC, valvu inayoongozwa kwa umeme hubana au kulegeza njia ya mafuta kulingana na taarifa za vihisio, na dereva huchagua hali ya starehe, ya kawaida au ya kispoti. Springi hazibadiliki, wala gari haliinuki hata kidogo. Nalisema hili kwa kuwa watu huniuliza kila mara kama linaweza kujinyanyua likifika kwenye tuta. Haliwezi, na tumbo lake limekwisha kukwaruzwa mara mbili.

Kwenye lami nzuri sikuona tofauti yoyote. Ilijitokeza kwenye misururu ya matuta madogo yanayotangulia vijiji, ambako gari langu, likiwa katika hali ya starehe, lilipita kwa utulivu, ilhali la shemeji lilitutetemesha hadi kioo cha kati kikacheza. Hali ya kispoti ililifanya langu kuwa gumu kuliko lake, na katika nchi hii tambarare, isiyo na kona za maana, sijapata sababu ya kuitumia zaidi ya siku ile ya majaribio.

Tatizo ni matengenezo. Shokapu moja ya mbele ilipoanza kuvuja, sikuipata ya DCC katika maduka ya spea niliyopita mjini, na fundi mmoja akanishauri nifunge za kawaida kisha aizime taa ya onyo. Nilikataa, kwa sababu hapo ningebaki na vihisio na nyaya zisizo na kazi, pamoja na mfumo nilioulipia usionisaidia chochote. Niliagiza Dar es Salaam kwa bei ambayo ingetosha kununua shokapu nne za kawaida.

Anayeishi Tabora na kuipenda GTI ningemshauri achukue yenye shokapu za kawaida, kisha atumie rimu za inchi 17 zenye tairi za 225/45 badala ya inchi 18 zenye 225/40 (nambari ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana wake), kwa kuwa ukuta mrefu wa tairi hufyonza sehemu ya mtikiso kabla haujaifikia shokapu. Shemeji amekwisha kubadilisha zake, na kioo kile cha kati hakichezi tena.