Lantani ya vioo juu ya jiko letu Leicester: uzoefu wangu

Bidhaa yenyewe naipa nyota nne kati ya tano, na bado simshauri mtu ainunue kabla hajajua nani atamjengea ukingo wa kuikalisha. Lantani ni kile kijumba cha vioo chenye miteremko minne kinachowekwa juu ya tundu la paa bapa ili mwanga ushuke kutoka juu. Hapa Uingereza utaiona kwenye majiko mengi yaliyoongezwa nyuma ya nyumba. Ukishajenga chumba kipya nyuma, chumba cha katikati kinapoteza dirisha lake na kubaki giza, taa zinawaka mchana kutwa.

Yetu ni mita 2 kwa 1, alumini ya kijivu kwa nje na nyeupe kwa ndani, na ilikuja kwa vipande ndani ya makasha. Haikufika pauni 2,000 bila gharama ya fundi. Nyumba ni pacha, imeungana ukuta mmoja na ya jirani, na nyongeza inatoka nyuma mita 3, kipimo kinachoruhusiwa kwa nyumba za aina hii England kwa utaratibu wa kawaida, bila kuomba kibali cha mipango. Ukaguzi wa ujenzi ni jambo jingine, huo haukwepeki.

Sasa ukingo. Ni fremu ya mbao inayoinuka kuzunguka tundu, lantani inakaa juu yake. Kila mtu atakwambia uwe na kimo cha milimita 150. Sawa, lakini milimita 150 kuanzia wapi? Fundi wetu, mtu mwenye mkono mzuri sana wa matofali, alipima kuanzia kwenye mbao za paa, akakaza skrubu, akaenda kunywa chai. Paa letu ni lile ambalo bodi za kuhami joto zinalala juu ya mbao, si katikati ya boriti. Paa jipya kwenye nyongeza linatakiwa lisivujishe joto zaidi ya 0.15 kwa kipimo chao cha upotevu wa joto (U-value), na kufika hapo bodi zinahitaji unene wa karibu milimita 150. Piga hesabu mwenyewe: bodi zikilala, mpira wa kuzuia maji ukitandazwa juu, ukingo wote umemezwa. Lantani ingekaa usawa mmoja na paa, na mvua ya kwanza yenye upepo ingetushukia mezani.

Mchoro wa watengenezaji unaonyesha wazi kwamba kipimo kinaanzia juu ya mpira uliokwisha tandazwa. Nikamwonyesha. Alinuna, akasema ameezeka mapaa mengi, kisha akaubomoa akaanza upya. Kwa hiyo mbao za ukingo zinakaribia kimo cha milimita 300 zikipimwa kutoka chini, na ukiziona zikiwa tupu utadhani wamejenga sanduku la kufugia kuku.

Halafu kuna mteremko. Paa bapa huwa si bapa kabisa, linainamishwa ili maji yaende kwenye mfereji, na mainamo yanayopendekezwa ni 1 kwa 40. Lantani yetu ina mita 1 kuelekea upande wa mteremko, kwa hiyo paa linashuka milimita 25 kati ya ukingo wa juu na wa chini. Lakini kichwa cha ukingo lazima kiwe sawa kwa pimamaji pande zote nne. Maana yake upande wa chini uwe mrefu zaidi kwa milimita 25, na ile 150 ipimwe kwenye upande wa juu, ambako kimo ni kifupi zaidi. Fundi anayekata mbao nne za kimo kimoja atakupa lantani iliyoinama, na vioo vyake havitakaa vizuri kwenye mgongo, ule mwamba wa juu vinakokutana.

Baada ya pimamaji, kona kwa kona. Vuta futi kutoka kona hadi kona, kisha zile mbili nyingine. Vipimo visipolingana, ukingo umepinda, na alumini haisamehe kama mbao: huwezi kuipiga randa. Hili nililisimamia mwenyewe, nimekaa juu ya ngazi na baba watoto akishika mwisho wa futi.

Boriti zinazozunguka tundu ziliwekwa mbili mbili kwa maelekezo ya mhandisi. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo vioo viwili vyenye jumla ya milimita 12 ni kilo 30 kwa mita ya mraba kabla ya kuhesabu alumini.

Mpira wetu wa paa ni wa aina iitwayo EPDM. Uzuri wake hauhitaji moto, unabandikwa kwa gundi, na moto karibu na mbao kavu sitaki kuusikia. Unapanda ukingoni kwa nje na kukunjwa hadi juu ya kichwa cha mbao, halafu fremu ya lantani inalazwa juu yake kwenye silikoni. Kona zinawekewa viraka maalumu vinavyovutika. Zikague kabla fremu haijafika, kwa sababu baadaye huzioni tena.

Kuunga lantani yenyewe ndiyo kazi iliyokuwa rahisi kuliko zote. Fremu ya chini, mgongo, mapau ya kona, vioo, vifuniko. Vijana wawili waliimaliza bila kelele. Nilichowazuia ni kupaka silikoni kila mwanya waliouona kwa nje. Fremu ina matundu madogo ya kutolea maji yanayojipenyeza. Ukiyaziba, maji yanatafuta njia ya ndani. Pia silikoni ikigusa uso wa kioo kinachojisafisha inaharibu ule utando wake, na utando huo ndio uliolipiwa.

Kuhusu vioo, usibane pesa kwenye kioo cha ndani. Kiwe cha tabaka, kama cha mbele ya gari, ili kikivunjika kibaki mahali pake. Kioo kilichotiwa ugumu kwa moto kikipasuka kinamwagika vipande vidogo vidogo, na chini yake kuna meza ya kulia na watoto.

Mkaguzi wa halmashauri aliuliza jambo ambalo muuzaji hakulitaja: jumla ya vioo. Mwongozo wa England unataka madirisha, milango ya vioo na lantani ya nyongeza visizidi asilimia 25 ya eneo la sakafu yake, ukijumlisha eneo la madirisha na milango ya zamani iliyozibwa na ujenzi. Ukipita hapo unatakiwa ufidie kwingine. Sisi tulipunguza mlango wa bustanini.

Tumeshapitisha majira ya baridi nayo. Mwanga ni mwingi kuliko nilivyotarajia, hata Desemba. Mvua inasikika, lakini si ya kukatiza mazungumzo. Jasho kwenye vioo hutokea tukipika bila kuwasha feni, kisha linakauka. Pembeni hakuna ukungu, na naamini ni kwa sababu ukingo nao ulivishwa bodi ya kuhami joto kabla ya jipsamu. Ukiuacha mtupu, ubaridi unapita kwenye mbao na kuta za ndani za tundu zinaanza kuwa na madoa meusi.

Juni jua linapenya kweli, ingawa hapa adhuhuri linafika kama nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho. Kioo cha kupunguza jua kinauzwa kama nyongeza, na nyota niliyoikata ni ya hapo: kingekuwemo kwenye bei. Ndugu zangu wa Tanga na Mombasa mnaouliza kama iwafae: jua lenu linasimama utosini, mtapikika humo. Jengeni madirisha ya juu yenye kivuli.

Mwisho, kipimo cha kuagiza. Fomu ya muuzaji iliandika "ukubwa" basi. Tundu la ndani? Ukingo kwa nje? Lantani yenyewe? Kwetu ilikuwa ukingo kwa nje, na unene wa mpira ulitakiwa kuhesabiwa. Piga simu, uliza, halafu wakujibu kwa barua pepe uwe na maandishi, maana kitu kilichokatwa kwa vipimo vyako hakirudishwi.