Nimejifunza kripto kwa hela zisizo na thamani: uzoefu wangu na MetaMask na Sepolia

Sijaweka hata shilingi moja kwenye kripto, lakini nina pochi yenye ETH (sarafu ya Ethereum), nimetengeneza sarafu yangu mwenyewe, na nimejiibia sarafu hizo hizo kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Yote nimeyafanyia Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum, kwa laptop ya kawaida na bando. Kama unataka kuelewa blokcheni (daftari la miamala ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi) inavyofanya kazi na hutaki kumlipa mtu "kozi", hii ndiyo njia ninayoipendekeza, pamoja na kero zake.

Kabla ya pochi nilipitia ukurasa wa bure wa Anders Brownworth wa kuonyesha blokcheni kwa vitendo. Ni wa Kiingereza ila maneno ni machache. Unaandika chochote ndani ya kisanduku, na chini yake inatokea heshi, yaani mstari wa herufi na tarakimu 64. Niliandika "Asha anamdai Juma 5000", kisha nikabadilisha 5000 kuwa 5001. Mstari ukawa mwingine kabisa. Hatua inayofuata ni bloku, yaani ukurasa mmoja wa daftari hilo: hapo heshi haikubaliki mpaka ianze na sufuri nne, kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha kuchimba, kompyuta inajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka ipatie. Kwa wastani ni kama majaribio 65,536, na yanaisha upesi. Kisha unakutana na bloku tano zilizofuatana, kila moja imebeba heshi ya iliyotangulia. Gusa herufi moja kwenye bloku ya pili, na kuanzia hapo mpaka mwisho zote zinageuka rangi ya waridi. Ukitaka kudanganya inabidi uzichimbe upya moja moja, na hata ukimaliza, nakala walizonazo wenzako zinakuumbua. Nilikuwa nimesoma maelezo mengi kuhusu jambo hili bila kulishika. Hapa liliingia kichwani jioni moja.

Sasa pochi. MetaMask inawekwa kwenye kivinjari bila kuulizwa namba ya simu wala kitambulisho. Unapewa maneno 12 ya Kiingereza, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,048, na hayo ndiyo pochi yenyewe. Fanya jaribio hili mapema, kabla hujazoea: yaandike kwenye karatasi, futa programu, iweke tena, ingiza maneno. Akaunti inarudi na salio lake kana kwamba hukugusa kitu. Ukishaliona hilo kwa macho yako, hutahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa Telegram anayejiita "huduma kwa wateja" na kukuomba maneno hayo ni mwizi.

Mitandao ya majaribio imefichwa, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uiruhusu ionekane, kisha chagua Sepolia.

Kero kubwa iko kwenye kupata ETH ya majaribio. Inatolewa bure na tovuti zinazoitwa mabomba, na mabomba mengine ni vituko. Kuna linalotaka kwanza uwe na ETH halisi kwenye mtandao mkuu, ambalo kwa mwanafunzi asiye na kitu ni sawa na kufungiwa mlango. Lingine linataka ujisajili kwa barua pepe, kisha linakudondoshea kiasi kidogo na kukuambia urudi kesho. Lililonifaa ni lile linaloiacha kompyuta yako ichimbe kidogo na kukulipa kwa kazi hiyo. Feni ililia, lakini nilipata za kutosha. Na kama mtu anakuuzia ETH ya Sepolia, mkimbie. Mtandao wa majaribio uliotangulia, Goerli, ulifikia hatua hiyo: ETH yake ilikuwa adimu mpaka watu wakaanza kuinunua kwa hela ya kweli. Ya Sepolia haina kikomo cha idadi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilipia.

Muamala wa kwanza niliutuma kwenye akaunti yangu ya pili. Ukiwa umezoea pesa za simu, hapa ndipo unaposhtuka. Kwenye simu jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na ukikosea kuna mtu wa kumpigia. Huku kuna anwani ya herufi na tarakimu 42 inayoanza na 0x, basi. Nilichogundua kwa kuchezea ni kwamba herufi kubwa na ndogo ndani ya anwani hazikuwekwa kwa urembo. Geuza herufi kubwa moja iwe ndogo na pochi inakataa, kwa sababu mpangilio huo ni ukaguzi wa makosa ya kuandika. Lakini ukinakili anwani sahihi ya mtu asiye sahihi, hakuna ukaguzi utakaokuokoa.

Bloku mpya hutoka kila sekunde 12, kwa hiyo husubiri sana. Fungua Etherscan ya Sepolia, tovuti ya kutazamia miamala, bandika namba ya muamala, na kila kitu kipo wazi: nani katuma, kiasi gani, ada gani. Ada hupimwa kwa gesi, yaani kiasi cha kazi ambayo mtandao unafanya, na kutuma ETH ya kawaida hula gesi 21,000. Bei ya gesi ikiwa gwei 2 (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya ETH), ada ni 0.000042 ETH. Nililazimisha pia muamala ushindwe, kwa kutuma sarafu nilizojitengenezea (si ETH; nitazieleza hapa chini) nyingi kuliko nilizokuwa nazo. Pochi ilionya, nikaendelea. Etherscan iliuandika kuwa umeshindwa na ada ikakatwa vilevile. Bora ulijue hilo kwa hela ya bandia.

Sehemu tamu ni Remix, ukurasa wa kuandikia programu za Ethereum ndani ya kivinjari. Kwa msimbo wa tayari wa OpenZeppelin, sarafu nzima ni mistari isiyozidi kumi. Nilitoa vipande milioni moja, nikaviona kwenye pochi, nikahamishia kwenye akaunti zangu nyingine. Jina unaandika lolote unalotaka. Unaweza kuipa jina na alama za sarafu maarufu na hakuna atakayekuzuia, maana kinachoitofautisha na nyingine ni anwani ya mkataba, yaani ya ile programu inayoiendesha kwenye mtandao, peke yake. Tangu hapo mtu akinitumia picha ya sarafu mpya "inayopanda", namuuliza anwani ya mkataba kwanza. Wengi hunyamaza.

Swali hilo lingewasaidia wengi kwa OneCoin, utapeli wa sarafu wa Ruja Ignatova, iliyofika mpaka Uganda na kukusanya mabilioni ya dola duniani. Haikuwa na blokcheni ya kweli yoyote ambayo mteja angeweza kuifungua na kuhesabu. Ignatova alitoweka mwaka 2017, na mwenzake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 nchini Marekani mwaka 2023.

Kuhusu kujiibia: sarafu za aina hii zina amri ya kumruhusu mwingine achukue kutoka kwako. Kwa akaunti ya kwanza nilisaini ruhusa isiyo na kikomo kwa akaunti ya pili. Salio halikubadilika hata kidogo, na hapo ndipo hatari ilipo. Baadaye, nikiwa na akaunti ya pili, nilikomba sarafu zote bila ya kwanza kuulizwa tena. Tovuti za kitapeli hufanya hivyohivyo: kitufe kinasema "dai zawadi yako", unachosaini ni ruhusa. Jaribu mwenyewe, kisha jifunze kuifuta kwa kuweka ruhusa iwe sufuri.

Ninaipa nyota nne. Ya tano imeliwa na mabomba, pamoja na Kiingereza kilichojaa kila mahali. Kwenye simu inawezekana kutuma na kupokea, ila Remix kwenye kioo kidogo ni adhabu. Tumia pochi mpya kabisa ambayo hutaiwekea hela ya kweli kamwe, na piga picha za unachotengeneza: mitandao hii huzimwa, Ropsten na Rinkeby zilishakufa, Goerli nayo ikafuata.